Kisanduku cha Mwisho

Chini kabisa ya andalio la somo,
baada ya hatua, dakika na zana,
pana kisanduku: Tathmini ya Mwalimu.
Ni kidogo. Kinaenea sentensi moja ya mtu mwoga.
Wiki ya kwanza niliandika: Somo limeeleweka.
Wiki ya pili: Somo limeeleweka vizuri.
Ya tatu nilikijaza kabla sijaingia darasani,
nikinywa chai ya rangi jirani na stesheni ya Uvinza,
makombo ya chapati yakidondokea neno "vizuri".

Leo Alhamisi. Taa ya sola inafifia.
Kalamu ninayo. Sentensi imegoma.

Kidato cha Pili B, kipindi cha tano, Kemia:
kutenganisha chumvi na maji.
Nilichora chupa, kichomeo, mvuke wenye mishale,
vitu ambavyo shule haina hata kimoja,
nikavitaja kwa Kiingereza changu cha kukariri,
mgongo kwao, uso ubaoni,
kama mtu anayeswali na hataki kukatizwa.

Mkono ukanyooka nyuma, penye dirisha lisilo kioo.
Anizeti Ruhomvya.
"Mwalimu, maji yakikauka yote, chumvi inakuwa chungu.
Mama huwa anabakiza kidogo, halafu anayamwaga."
Kwa Kiswahili, tena chenye Kiha pembeni.

"Lugha!" nikamkata.
Akasimama hadi kengele.
Darasa likacheka.
Nikacheka nalo.

Hapo, penye kucheka, ndipo kalamu inapokwama.

Chuoni tulifundishwa: mwanafunzi si debe tupu.
Swali hilo lilikuja kwenye mtihani
nikalijibu kurasa mbili na nusu,
nikapata themanini na mbili.

Na ile "Lugha!", niliitoa wapi?
Si sauti yangu. Ni ya Mwalimu Mbwilo,
na kikohozi chake kimo ndani yake.
Mimi nilisimama pale mbele, miaka tisa iliyopita,
soksi moja imeshuka,
nina jibu mdomoni.
Ninalo mpaka leo. Hakuna aliyelitaka.

Jioni nilipita wanakochemshia chumvi.
Sikwenda kujifunza, nisijipake sifa;
nilikuwa natafuta vocha.
Moshi wa kuni, karai limenuna juu ya mafiga,
mama mmoja akachovya kidole, akaonja,
akatikisa kichwa: bado.
Akaonja tena.
Akaivuta chumvi nyeupe pembeni kwa upawa,
maji ya mwisho akayamwaga mchangani.
"Hayo ndiyo machungu," akasema, bila kuulizwa.

Lile paji la uso nililijua.
"Wewe ndiye mwalimu mgeni?
Anizeti anasema unajua sana."

Hakumwambia kwamba alisimama.
Mtoto wa miaka kumi na mitano
amenisitiri kwa mama yake,
na mimi nilimvua nguo mbele ya wenzake hamsini na wanne.

Nimeandika: Somo halikueleweka.
Nimefuta. Hiyo bado inawasema wao.
Nimeandika: Sikueleweka.
Nimefuta. Hiyo inaomba kuhurumiwa.
Nimeandika: Sikuelewa,
na wino ukavuka mstari, ukapanda ukingoni,
ukazunguka hadi nyuma ya karatasi
palipo na hesabu zangu za unga na mafuta ya taa.

Jumatatu mkufunzi anakuja na fomu yake.
Atakaa nyuma, penye dirisha lisilo kioo,
atahesabu Kiswahili changu kwa vijialama vyekundu.
Sijui kama nitathubutu. Naandika hivyo pia: sijui.

Taa imezima.
Gizani najaribu, peke yangu, chumba cha kupanga:
"Anizeti, ulikuwa unasema?"
Imetoka nyembamba, kama ya mtu anayekopa.

Narudia.